Kasulu, Buhigwe na Kibondo: Mteja akihama, mtaa hushuka bei

ANAYETAFUTA kiwanja au fremu ya duka katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma siku hizi huulizia kwanza lami. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye kilometa 260, ndiyo iliyowavuta wengi kando yake. Lakini historia ya eneo hili inaonyesha kuwa thamani ya mtaa imekwishahama mara kadhaa, na si busara kuweka akiba yote mahali kwa sababu tu pana watu wengi leo.

Kutoka kilimani hadi barabarani

Zamani Waha waliishi kwa kutawanyika, kila kaya na migomba yake mgongoni mwa kilima. Mahali pa heshima palikuwa kwa Mwami, kama Heru Juu, makao ya utawala wa Heru aliouongoza Mwami Theresa Ntare. Fedha taslimu zilitafutwa mbali: vijana walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga.

Mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwakusanya wananchi katika vijiji vilivyopangwa, vingi kando ya barabara. Biashara ikafuata huko. Duka, gulio na mashine ya kusaga vikawa na wateja wa karibu, na mashamba ya zamani yakabaki mbali na nyumbani.

Neema ya kambi

Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa wingi. Mwaka 1996 vita vya Zaire vilileta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa.

Mashirika ya misaada yalipanga nyumba Kasulu na Kibondo, na pango likapanda. Mahindi na mafuta ya msaada yakaonekana sokoni, na wakulima wakapata vibarua kwa ujira mdogo. Mwenye nyumba alifurahi; mwalimu au karani aliyekuwa akipanga chumba aliumia.

Neema hiyo haikuwa ya kudumu. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012 na eneo lake kuchukuliwa na JKT. Mtendeli, iliyopokea Warundi mwaka 2016 kutokana na machafuko ya mwaka uliotangulia, ilifungwa 2021. Mteja wa kambi huja kwa amri na huondoka kwa amri.

Makao makuu na mpaka

Mwaka 2012 Buhigwe ilitengwa na Kasulu, na Kakonko ikatengwa na Kibondo. Makao makuu ya wilaya huleta watumishi wenye mshahara wa kila mwezi, ambao ni wapangaji wa uhakika zaidi kuliko mradi wa miaka miwili. Oktoba 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulipochukua nafasi ya jenereta za dizeli Kasulu na Kibondo, mafundi wa kuchomelea na wenye mashine za kukoboa walipata unafuu.

Mpaka wa Manyovu ni fursa nyingine, lakini una siku zake. Mei 2023 Burundi ilishusha thamani ya faranga yake kwa kiasi kikubwa. Katika hali kama hiyo mnunuzi wa ng'ambo hupunguza idadi ya magunia, na mwenye ghala upande wa huku ndiye anayebaki na mzigo.

Kabla ya kulipa

Kwanza, pima. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni meta 30 kila upande kutoka katikati, badala ya meta 22.5 za awali. Fremu iliyo karibu mno na lami huenda ikapigwa alama ya X.

Pili, ulizia aina ya ardhi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti si hatimiliki, na ukiipeleka benki kuombea mkopo huenda isikusaidie.

Tatu, jua nani atakayekuwa mteja wako na fedha zake zinatoka wapi: mshahara, mavuno, mpaka au msaada. Mtaa wenye vyanzo viwili au vitatu huvumilia kimoja kinapokauka. Wenye chanzo kimoja, omba punguzo la bei au subiri.