Afya ya meno huanzia jikoni

Imekuwa ada ya wengi wetu kumkumbuka daktari wa meno usiku wa manane, maumivu yanapokuwa yamekwisha kutunyima usingizi. Asubuhi yake jino hung'olewa, mgonjwa akarejea nyumbani na pengo, na hadithi ikaishia hapo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza jino hilo lilikuwa likilishwa nini miaka yote hiyo.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulibainisha kwamba takribani mtoto mmoja katika kila wanne, na mtu mzima mmoja katika kila watatu, alikuwa na meno yaliyooza. Ama ufizi wenye kutoka damu, huo ulionekana kwa karibu watu wazima wote. Maradhi haya mawili yana mzizi mmoja: ukoga, ule utando unaonata juu ya meno ambao mtu huuhisi kwa ulimi anapoamka. Si mabaki ya chakula tu, kama wengi wanavyodhani, bali ni maskani ya bakteria. Bakteria hao wanapopata sukari, baadhi yao hutengeneza kitu mfano wa gundi cha kuwashikiza kwenye jino, na papo hapo hutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino lenyewe. Ukoga usipoondolewa huwa ugaga, mgumu kama jiwe, na hapo mswaki haufui dafu.

Je, chakula chaweza kutukinga? Tuseme ukweli: hakuna kirutubishi kinachoufagia ukoga, na atakayeacha kupiga mswaki kwa kuwa amekula mboga atajuta. Hata hivyo, vipo vyakula vinavyoupunguzia makali.

Maziwa ndiyo ya kwanza kutajwa. Yana kalsiamu na fosfeti, madini yale yale yaliyoliunda jino, na protini iitwayo kasini ambayo husaidia kuyahifadhi madini hayo juu ya jino. Asiyeyapata maziwa ana omena, ambao huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo ina kalsiamu nyingi. Karanga, maharagwe, samaki na nyama zina arginini. Wamo kinywani bakteria wapole ambao huivunja arginini na kutoa amonia, nayo amonia huituliza asidi. Wataalamu wameona faida hiyo kiasi cha kuitia arginini katika baadhi ya dawa za meno.

Vitamini C haiugusi ukoga, lakini huushikilia ufizi unaoshambuliwa nao. Mwaka wa 1747 daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwapa machungwa na malimau mabaharia waliokuwa na fizi zilizooza kwa kiseyeye, nao wakapata nafuu upesi kuliko wenzao. Sisi tuna mapera, ambayo yana vitamini hiyo mara kadhaa kushinda machungwa, na ambayo watoto huyaokota bure. Tuna sukumawiki pia, ingawa wapishi wetu huichemsha hadi sehemu kubwa ya vitamini hiyo ikaharibiwa na moto au ikaishia katika maji ya kuchemshia.

Lakini yote haya ni kazi bure iwapo sukari haina mpaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu zote tunazopata katika mlo. Kinachodhuru zaidi si kiasi pekee, bali ni mara ngapi. Kila funda la soda au la chai ya sukari huleta asidi inayodumu kinywani nusu saa au zaidi, kabla ya mate kuishinda. Kwa hiyo mtoto anayemumunya peremende tangu adhuhuri hadi magharibi huliumiza jino kuliko yule aliyezila zote mara moja baada ya chakula.

Nenda leo kwenye lango la shule yoyote ya msingi uone kinachouzwa: peremende, biskuti, maji ya rangi yaliyotiwa sukari. Mwaka wa 1979 serikali ilianzisha mpango wa maziwa ya bure shuleni, yale yaliyoitwa maziwa ya Nyayo, ambao baadaye ulikufa. Ulikuwa na kasoro zake, hasa za gharama na usafirishaji, na sidai kwamba ulibuniwa kwa ajili ya meno. Lakini mahali pa pakiti ile hapakubaki patupu. Pamejazwa na peremende, na wazazi ndio wanaozilipia, kisha wanalipa tena kwa daktari. Kamati za shule zina uwezo wa kuamua nani auze nini langoni. Muuzaji wa peremende aweza kuuza karanga, mapera na maziwa lala kwenye meza ile ile, na hana haja ya kungojea amri kutoka Nairobi.