Msaidizi wa Siku Moja: Uaminifu Unaanzia kwa Nani?

Mama mwenzangu, huenda nawe umewahi kufika mahali nilipofika mimi. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati vumbi la Tabora linapoingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Nilikuwa kwenye zamu za usiku. Mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa nyumbani kwangu, binti yangu mkubwa alikuwa amerudi shule ya bweni, na nguo chafu zilikuwa zimejaa beseni mbili. Sikuhitaji msichana wa kazi wa kulala nyumbani. Sikuwa na chumba cha kumpa wala mshahara wa mwezi mzima. Nilihitaji mtu wa kuja Jumamosi tu, afue, adeki, asugue choo, kisha arudi kwake.

Nikampata mama mmoja wa Isevya. Alinizidi umri, na watoto wangu wakamwita mama mkubwa tangu siku ya kwanza. Alifanya kazi vizuri na bila maneno mengi. Jumamosi ya nne nilitafuta shilingi 30,000 za kikundi cha akina mama wa kanisani ambazo nilikuwa nimekabidhiwa nizitunze. Sikuziona. Sikumwuliza, nilimshutumu. Nilimwambia mbele ya watoto kwamba ndani ya nyumba ile hakuwa ameingia mtu mwingine. Hakunijibu kwa ukali. Alimaliza kuanika nguo zilizobaki, akanawa mikono, akachukua khanga yake, akaondoka bila kudai ujira wa siku ile.

Baada ya wiki tatu nilikuwa naandaa mkoba wa safari ili niende msibani Nzega. Katika mfuko wa ndani nikazikuta fedha zile, zimekunjwa kama nilivyozikunja mwenyewe asubuhi moja nilipotoka zamu nikiwa na usingizi.

Jioni ile ile nilikwenda Isevya. Nilimwomba radhi, nikampa ujira aliouacha, nikamsihi aje nyumbani ili nimwombe radhi tena mbele ya watoto walionisikia. Alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Mama, ungeniuliza ningekusaidia kuzitafuta."

Neno hilo halijanitoka. Tangu siku ile, kila ninapowasikia akina mama wakilalamika kwamba siku hizi hakuna wasaidizi waaminifu, huwa najiuliza kwanza kama sisi wenye nyumba ni waajiri waaminifu. Nimejifunza kwamba msaidizi wa kutegemewa hapatikani kwa bahati. Kwa sehemu kubwa anatokana na makubaliano ya wazi na heshima anayoikuta mlangoni.

Mji wetu unaijua kazi hii

Sisi wa Tabora hatuna udhuru wa kutoelewa mambo ya vibarua, kwa kuwa mji huu umekua kwa jasho lao. Kabla reli ya kati haijafika hapa mwaka 1912, bidhaa za njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji zilibebwa mabegani na vichwani. Ni kweli kwamba njia hiyo hiyo ilipitishwa watumwa, na uchungu huo hatuwezi kuusahau. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo, na walijivunia kazi yao.

Mpagazi hakuondoka bila makubaliano. Mzigo ulipimwa, kwa kawaida kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Ujira ulitajwa, mara nyingi kwa vitambaa, na sehemu yake ilitolewa mapema. Posho ya chakula njiani nayo ilipangwa. Mwenye msafara aliyezidisha mizigo au kuchelewesha posho aliweza kuamka alfajiri akakuta mizigo imelala chini na wapagazi wamekwenda zao. Burton, aliyefika hapa Kazeh mwaka 1857, na Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, wote waliandika malalamiko mengi juu ya wapagazi waliotoroka. Upande wa mpagazi haukuandikwa mara nyingi.

Je, msaidizi asiyerudi Jumamosi ya pili hayuko katika hali hiyo hiyo? Sisi husema ametukimbia. Yeye huenda anasema mzigo haukupimwa.

Pa kumtafutia

Usianzie kwa mtu anayejitolea kukuletea "kabinti" kutoka kijijini. Kwanza, huyo mara nyingi ni mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kubeba ndoo za maji tangu asubuhi na kusugua choo kwa dawa kali si kazi nyepesi. Pili, binti aliyeletwa mbali na kwao hana pa kukimbilia akionewa.

Mtafute mtu mzima anayeishi karibu. Waulize wanawake unaosali nao, majirani, na mama anayekuuzia mboga, kwa kuwa huyo anajua nyumba nyingi. Mtu akitajwa na watu wawili wasiojuana, umeshapata mwanzo mzuri. Mwombe akutajie nyumba moja aliyowahi kufanya kazi, kisha nenda ukaulize wewe mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukuthibitishia makazi yake. Nawe mwambie unaishi na nani, kuna mgonjwa gani, na kama mna mbwa. Kumbuka kwamba anayeingia nyumba ya wageni peke yake ni yeye, naye ana haki ya kujua kama atakuwa salama.

Anza na siku moja ya majaribio, na uilipe kama siku nyingine. Siku hiyo kaa nyumbani. Usimfuate nyuma nyuma kwenye kila chumba, ila uwepo, ili akikwama apate wa kumwuliza.

Pima mzigo kabla haujabebwa

Akina mama wengi humwambia msaidizi, "Nisaidie usafi kidogo." Hayo maneno "usafi kidogo" yameharibu urafiki mwingi. Kwako yana maana ya kufua, kupiga pasi, kuondoa utando wa buibui na kupika chakula cha mchana. Kwake ni kufagia na kudeki.

Mimi sasa naandika kwenye karatasi. Kwa mfano: kufua beseni mbili za nguo, kudeki vyumba vinne, kusugua choo na bafu, kufuta vumbi madirishani. Nguo za ndani kila mtu wa nyumbani anafua zake. Mnapokubaliana, ulizaneni pia nani atachota maji kama bomba halitoi siku hiyo, kwa maana kuchota ndoo kumi ni kazi ya peke yake. Kama hajui kusoma, msomee pole pole, naye aseme lipi litawezekana. Ukiongeza kazi katikati ya siku, ongeza na malipo, au punguza kazi nyingine.

Ujira kabla jua halijazama

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na shilingi 120,000 kwa asiyeishi kwa mwajiri. Ukiigawa hiyo 120,000 kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 4,600 kwa siku. Viwango hivi hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi kiwango cha sasa. Hata hivyo kima cha chini ni sakafu, si dari. Mtu anayekuja siku moja kwa wiki hana mshahara wa siku zile nyingine, na kazi yako ya siku hiyo mara nyingi ni ya wiki nzima iliyolundikana. Mlipe kwa kadiri ya mzigo. Saa nazo ziwe na mwisho. Sheria hiyo ya 2004 inaweka saa 9 kuwa kikomo cha kawaida cha siku ya kazi.

Kisha lipa siku hiyo hiyo. Torati iliwaagiza Waisraeli wasilale na ujira wa kibarua hadi asubuhi, na sababu yake inaeleweka kwa kila mama: fedha ile ndiyo unga wa usiku ule. Usimwambie, "Njoo Jumatatu, sina chenji." Chenji itafutwe asubuhi, au mtumie kwa simu pamoja na ada ya kutolea.

Na posho? Ale chakula mnachokula ninyi, kwenye sahani mnazolia ninyi. Kikombe cha bati kilichotengwa kwa ajili ya "mtu wa kazi" kinasema mengi, na watoto wetu wanasikia.

Maneno ya muuguzi

Hapa naomba niseme kama muuguzi. Katika hospitali tumezoea kuchanganya jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa kipimo cha jiki moja kwa maji sita, lakini hiyo ni kwa ajili ya vifaa na mahali palipoguswa na damu. Sakafu ya sebuleni haihitaji ukali huo. Kwa kazi za kawaida maji na sabuni vinatosha, na jiki itumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Jambo kubwa zaidi ni hili: jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, hasa katika choo kidogo kisicho na dirisha. Mweleze msaidizi wako, kwa kuwa wengi hudhani dawa mbili zitasafisha mara mbili. Akipatwa na kikohozi na macho kumwasha, atoke nje mara moja kwenye hewa safi, aoshe macho kwa maji mengi, na akishindwa kupumua vizuri apelekwe hospitali.

Usimimine jiki wala mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto haulizi kilichomo, anaiona soda. Mnunulie msaidizi glavu za mpira, na kama nyumbani kuna mgonjwa, mwonyeshe namna ya kushika shuka zilizochafuka bila kuzikung'uta. Usimtumie katika jambo ambalo wewe mwenyewe usingelifanya mikono mitupu.

Vitu vya thamani

Yule mama wa Isevya alikubali kurudi kwangu baada ya miezi miwili, lakini kwa sharti. Alisema, "Fedha na vitu vyako vya thamani vifungie kabatini, na ufunguo ukae nao wewe. Sifanyi hivyo kwa ajili yako. Ni kwa ajili yangu." Nilikuwa nimedhani kufungia vitu ni kumdharau mtu. Kumbe ni kumkinga. Kabati likiwa wazi, maskini ndiye mshukiwa wa kwanza.

Kitu kikipotea, tafuta kwanza mwenyewe, kisha waulize watu wote wa nyumbani, na yeye mwulize kama unavyowauliza wengine, faraghani na kwa sauti ya chini. Usimpekue mfuko. Na ukigundua kosa lilikuwa lako, radhi iombwe mbele ya wale wale waliosikia shutuma.

Mvua zinapoanza

Jambo la mwisho. Mwezi wa Novemba mvua zikianza, wasaidizi wengi wa Tabora hupungua, kwa sababu wanakwenda kulima. Wapagazi nao walikuwa hivyo: wengi walisafiri kiangazi, wakarudi mashambani mvua zilipokaribia. Usimwite mtu huyo msaliti. Panga naye mapema, umwombe akutafutie wa kushika nafasi, na miezi hiyo watoto wako, wavulana kwa wasichana, washike dekio. Hawatakufa.

Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Katika wiki zake za mwisho alikuwa akiuliza kama Jumamosi imefika, kwa kuwa yule mama alikuwa na mkono mwepesi wa kumgeuza kitandani. Yeye ndiye aliyefua shuka zile za mwisho, na siku hiyo alikataa ujira. Nilimwacha akatae, maana siku hiyo alikuwa amekuja kama ndugu. Jumamosi iliyofuata alikuja kufanya kazi, nami nikamlipa kabla jua halijazama.