Mzaha Mzaha Hutumba Usaha

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mzaha mzaha hutumba usaha. Methali hii hunijia kila nikumbukapo hasira zilizowapanda wazazi wa Marekani na kwingineko mnamo Februari 2018, kwa ajili ya sungura wa sinema.

Sungura mwenyewe ni Peter Rabbit, aliyebuniwa na bibi wa Kiingereza, Beatrix Potter, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1902. Kampuni ya Sony ilimtia katika filamu ya watoto iliyoongozwa na Will Gluck. Humo mna kijana aitwaye Thomas McGregor, ambaye mwili wake haupatani na vitunda fulani vyeusi vya vichaka vya miiba. Sungura wanalijua jambo hilo. Basi wanamvurumishia vitunda hivyo kwa manati hadi kimoja kinamwingia kinywani. Maskini anaanguka, pumzi zamwisha, na kama si kuwahi kujidunga sindano ya dawa, angekwenda zake. Na hapo ndipo watoto walipotarajiwa wacheke!

Wazazi wenye watoto wa maradhi hayo, yaitwayo mzio, wakaja juu. Shirika la Marekani linaloshughulikia pumu na mzio likawaonya wazazi, sahihi zikakusanywa, na wengine wakataka filamu isusiwe. Haukupita muda Sony na watengenezaji wa filamu wakaomba radhi, wakakiri kwamba maradhi hayo si jambo la kufanyiwa masihara. Hata hivyo filamu iliendelea kuonyeshwa, ikachuma zaidi ya dola milioni 300 duniani.

Mtu aweza kuuliza: mbona katika kitabu chenyewe babake Peter aliingia shamba lile lile akaishia jikoni kwa mke wa mwenye shamba, na watoto wamesomewa kisa hicho kwa zaidi ya miaka 100? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mtoto asomewaye kisa kile hushikwa na hofu na huruma, haambiwi acheke. Tena hatoki pale akaenda kumpika mwenzake. Lakini kumtilia mwenzio kinywani chakula kimdhurucho ni jambo ambalo mtoto aliweza leo hii, saa ya mapumziko shuleni.

Katika jamaa zangu yumo mtoto asiyethubutu kuonja kamba. Akila, midomo humvimba na kifua humbana. Wenziwe hudhani anadeka. Je, watoto hao wakiona katika sinema kuwa jambo hilo ni la kuchekesha, nani atawazuia wasimjaribu?

Sisi watu wa pwani si wageni wa mzaha. Tumelelewa na hadithi za Abunuwasi. Lakini tazama Abunuwasi humcheka nani: aghalabu ni sultani, au tajiri bahili, au mwerevu ajionaye. Na utani wetu nao una mipaka yake. Mtani humtania mtani mwenzake, naye hujibiwa papo hapo. Aliyelala chini akitafuta pumzi hana la kujibu.

Wengine watasema kazi hii waachiwe wakaguzi. Ni kweli kwamba kelele za wazazi zimewahi kuzaa matunda. Daraja ya PG-13 ilianzishwa Marekani mwezi Julai 1984, baada ya wazazi kulalamikia Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom. Hapa Kenya nako tunayo bodi ya kuainisha filamu, nayo huzitia alama kwa kadiri ya umri. Lakini hata Peter Rabbit ilitolewa Marekani ikiwa na alama ya kuwataka wazazi waongoze watoto. Alama hueleza umri. Haimwelezi mtoto ni kicheko gani kizuri na kipi kibaya.

Kwa hivyo, wazazi wenzangu, sisemi televisheni izimwe. Watoto na wacheke, kwani kicheko ni afya. Ila tuketi nao. Na wakicheka, tuwaulize swali moja tu: huyo mnayemcheka, je, yeye naye anacheka? Mtoto akizoea kujiuliza hivyo, hata tusipokuwapo atajua pa kukomea.