Malaria ni Mduara, si Mbu Peke Yake



Tukiulizwa malaria inatoka wapi, sote hujibu: kwa mbu. Jawabu ni sahihi, lakini ni kipande kimoja tu. Mbu hazaliwi na malaria. Humuuma mtu mwenye vimelea, vikakua ndani yake kwa siku 10 hivi au zaidi, ndipo akamuambukiza mwingine. Basi kuna mgonjwa, kuna mbu, kuna dimbwi alimozaliwa, na kuna dawa iliyomezwa nusu. Vyote vimeshikana kama ukili katika mkeka.

Tutazame yaliyotokea hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1968, Zanzibar ilipiga vita malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na majumba yakapigwa dawa. Ugonjwa ulipungua sana. Mwaka 1968 kazi ikasimamishwa. Lakini mbu walikuwepo, na watu wachache wenye vimelea walikuwepo. Haikupita miaka mingi malaria ikarejea kwa nguvu.

Mwaka 2003 ikaanza kutumika dawa mseto, na mwaka 2006 yakafuata upigaji dawa majumbani na ugawaji mkubwa wa vyandarua. Mambo haya yalipokwenda pamoja, malaria ilishuka hadi chini ya mtu 1 katika kila 100.

Sasa zingatieni: mafanikio yenyewe huleta hatari. Ugonjwa ukipungua, hofu hupungua. Hofu ikipungua, chandarua hugeuzwa uzio wa mchicha. Mbu akapata nafasi, na jamaa aliyerudi safari akiwa na vimelea bila ya kujijua, mduara huanza upya. Tena miili isiyozoea malaria huwa na kinga ndogo, hivyo hata watu wazima huugua sana.

Kwa hiyo, kila tatizo tuliulize masuali matatu: limeshikana na nini? Nani ana sehemu yake? Tukiacha, nini kitarejea?

Hapa Kidichi kila mmoja ana sehemu yake. Mtoto alale ndani ya chandarua, mzee afukie madimbwi, mwenye homa apimwe na amalize dozi, hata akijiona mzima. Tumtegemee Mwenyezi Mungu, na chandarua tukichomeke.

Wabillahi tawfiq.