Kutoka Shahada ya Sanaa hadi Ualimu

Mhitimu wa shahada ya sanaa aliyebobea katika Kiswahili huenda akadhani kuwa umilisi wa lugha unatosha kumfikisha darasani. La hasha! Nchini Kenya, Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 inamkataza kufundisha yeyote asiyesajiliwa na Tume hiyo. Ili asajiliwe kuwa mwalimu wa shule ya upili, mhitimu huyo hulazimika kusomea stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo humpa saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na mazoezi ya ualimu shuleni. Aidha, sharti awe na masomo mawili ya kufundishia. Basi mwanafunzi anayetupa somo la pili angali chuoni hujifungia mlango mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.