Uchungu wa Kuwa wa Pili: Mashabiki wa Changamwe na Timu ya Bandari

Katika Changamwe, toka Chaani hata Magongo na Port Reitz, mna watu wengi ambao riziki yao hutoka gatini. Wako makuli, wako makarani, na wako madereva wa malori yachukuayo makasha. Kwa watu hao Bandari si timu ya mpira tu, bali ni timu ya kazi yao, kwa kuwa mwenye kuitunza ni Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Basi siku ambayo Bandari imeshindwa katika uwanja wake wa Mbaraki, huzuni huvuka Makupa pamoja na mashabiki, ikaingia majumbani mwao.

Huzuni hiyo ina asili yake, na yafaa ielezwe kwa utaratibu, maana hasira isiyojua sababu yake haina faida kwa mtu.

MIAKA 60 YA KUNGOJA

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963. Mwaka 1965 ilichukuliwa na Feisal, timu ya Mombasa. Siku hizo watu wa pwani waliona kuwa ubingwa umefika kwao na utarudi mara kwa mara. Lakini haukurudi. Tangu hapo hata msimu wa 2024/25, ambao bingwa wake alikuwa timu ya Polisi, hapana timu ya Mombasa iliyotwaa tena taji hilo. Kijana aliyezaliwa mwaka ule wa Feisal amekwisha kuwa babu, naye hajaona jambo ambalo baba yake aliliona.

MARA MBILI MLANGONI

Waliokaribia zaidi ni Bandari. Mwaka 1918 haukuwajua, na mwaka 1965 haukuwa wao; lakini mwaka 2018 walimaliza wa pili, nyuma ya Gor Mahia. Msimu uliofuata, uliomalizika mwaka 2019, wakawa wa pili tena, na aliyekuwa mbele yao alikuwa Gor Mahia yule yule. Mambo hayo mawili yalitokea katika muda usiofika mwaka mmoja. Timu ikiwa ya kumi, shabiki wake hulala usingizi. Ikiwa ya pili, hukesha akihesabu mechi moja moja, na kila sare huiona kuwa ni mwizi aliyemwibia.

Wala si kwamba wachezaji walikuwa dhaifu. Januari 2019, katika mashindano ya Dar es Salaam, Bandari waliwashinda Simba, waliokuwa mabingwa wa Tanzania, kwa mabao 2 kwa 1. Katika fainali wakafungwa bao 1 kwa bila na Kariobangi Sharks wa Nairobi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo walikutana tena na Sharks katika fainali ya kombe la taifa, wakalipa deni lao kwa mabao 3 kwa 1.

KOMBE NI MBIO FUPI

Wengi huuliza: timu iwezayo kuchukua kombe, yashindwaje kuchukua ligi? Jibu limo katika hesabu. Kombe hutaka siku chache za ushujaa. Ligi ya misimu ile ilikuwa na timu 18, na kila timu ilicheza mechi 34. Kwa hiyo hutaka uangalifu wa kila juma, hata mbele ya timu ndogo isiyo na jina.

Tena sheria ya pointi imebadilika. Zamani ushindi ulikuwa pointi 2 na sare pointi 1. Timu iliyotoka sare mara 10 ilipata pointi 10, sawa na iliyoshinda mara 5 na kufungwa mara 5. Sasa ushindi ni pointi 3: huyu wa sare hubaki na pointi zake 10, na yule mwingine hupata 15. Mzee asemaye barazani kwamba sare ya ugenini ni kama ushindi, angali akihesabu kwa hesabu ya zamani ile.

NYUMBANI BILA NYUMBA

Jambo jingine ni uwanja. Kwa kombe lile la 2019, Bandari walipata nafasi ya kucheza katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Waliwatoa Al Ahly Shendi wa Sudan, kisha Ben Guerdane wa Tunisia, hata wakatolewa na Horoya wa Guinea kabla ya hatua ya makundi. Lakini mechi zao za nyumbani zilichezwa Nairobi, yapata kilomita 480 kutoka Mombasa. Uwanja wa manispaa ya Mombasa ulikuwa umebomolewa ili ujengwe upya, na kazi hiyo ikakawia miaka mingi. Mtu wa Changamwe aliyengoja maisha yake yote kuwaona wageni wa Sudan na Tunisia wakija mjini kwake, alisikiliza habari zao katika redio. Malalamiko yake juu ya jambo hilo ni ya haki kabisa.

HAKI YA KULAUMU

Hata hivyo, si malalamiko yote yenye haki. Wako watu ambao Jumamosi hujaa katika vibanda vya kuonyesha mpira wa Uingereza, wakalipa bila kunung'unika, na jioni wakawatukana Bandari ambao hawajawatazama tangu mwaka juzi. Wako na wale wajao Mbaraki siku ya ushindi tu. Mtu wa namna hiyo hana deni la kudai, kwa sababu hakukopesha kitu.

Shabiki wa kweli ni yule aliyetoka zamu ya usiku, akalipa nauli na kiingilio, akasimama juani kutazama sare ya bila kwa bila, na juma la pili akaja tena. Yeye ndiye anayestahili kuwauliza viongozi wa timu, kwa adabu na bila kurusha mawe, mbona pointi zilipotea na mbona wachezaji wazuri huondoka. Viongozi nao hawana budi kumjibu. Wapatikane watu 1,000 wa namna hiyo toka Changamwe peke yake, wawe Mbaraki kila mechi, na itakuwa vigumu kwa timu yo yote kuondoka pale na pointi.