Muhogo Mchungu Wakati wa Vita

Muhogo unaujua. Labda unao shambani kwako. Je, umewahi kujiuliza kwa nini watu wa nchi zenye vita huutegemea kuliko mahindi?

Tutazame Kongo ya mashariki. Huko Kivu vita vilianza mwaka 1996, na mapigano yamerudi mara nyingi. Watu husikia bunduki usiku. Hubeba watoto, sufuria na blanketi, wakakimbia. Mahindi yaliyokomaa huonekana kwa mbali. Wenye bunduki huyavuna au huyachoma. Yaliyomo ghalani huchukuliwa pamoja na magunia yake. Lakini muhogo umejificha ardhini. Unaweza kukaa humo mwaka mmoja, hata miwili. Mwenye shamba akirudi huchimba shina moja moja, watoto wakala.

Wengi hupanda muhogo mchungu, na wana sababu. Nguruwe mwitu na panya hawaupendi. Mwizi naye hawezi kuung'oa na kuutafuna papo hapo. Uchungu ndio mlinzi wa shamba.

Mlinzi huyo ni sumu. Jina lake ni sianidi. Muhogo ukiwa mzima, sumu imefungwa ndani yake. Ukiuloweka hadi ulainike, sumu hufunguka. Nyingine hutoka na maji, nyingine hupaa hewani. Ndiyo maana bibi zetu waliuloweka siku tatu, wakauanika, kisha wakautwanga. Hawakusoma habari za sianidi, lakini walijua kazi yao.

Vita huharibu kazi hiyo. Mama aliyekwenda shambani kwa kujificha hana siku tatu. Njia ya mtoni ina hatari. Watoto wanalia njaa leo. Basi huloweka siku moja tu, au haloweki kabisa. Tena nyumbani hakuna maharage wala samaki. Hapo hatari huwa mara mbili. Mwili huweza kuondoa sumu kidogo ukipata vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, samaki, maziwa na nyama. Ukipata ugali wa muhogo mtupu kwa wiki nyingi, hushindwa.

Ndipo huja ugonjwa wa konzo. Daktari mmoja aliuandika mwaka 1938 huko Kwango, Kongo ya magharibi. Jina hilo ni la Kiyaka. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu alikuwa mzima jana, leo miguu imekakamaa. Haimuumi, lakini hawezi kutembea kama zamani. Wengine hutembea kwa fimbo, wengine hutambaa. Wanaopatwa zaidi ni watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Dawa ya kuuponya haipo. Ugonjwa huu hauambukizi. Wala mgonjwa hakurogwa. Jirani akisema hivyo, mwambie habari ya muhogo.

Konzo imeonekana Kivu Kusini pia, sehemu ya Burhinyi. Tena si ya vita tu. Mvua ikikosekana, sumu huzidi ndani ya muhogo. Mwaka 1981 ukame uliipata Nampula, Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 walilemaa. Mwaka 1985 ugonjwa ulionekana Tarime, hapa Tanzania, wakati wa njaa. Na huko Kongo, barabara ya lami kutoka Kikwit hadi Kinshasa ilileta wanunuzi wengi wa muhogo. Watu wakaharakisha kuloweka ili wauze upesi. Barabara ni kitu chema, lakini haikuongeza siku za juma!

Basi tufanyeje? Kama maji yapo na pana amani, loweka siku tatu kamili. Kama una unga ambao huna hakika nao, iko njia nyingine. Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka, walifundishwa njia hii mwaka 2010. Muda wote walipoifuata, hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo kijijini.

Tia unga katika beseni, uusawazishe. Weka alama ndani ya beseni pale unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama. Endelea kutia maji mpaka urudi kwenye alama, kisha acha. Utandaze unga huo mbichi juu ya mkeka, uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa mbili. Kama hakuna jua, uache kivulini saa tano. Sumu hupaa hewani wakati huo, kwa hiyo usiufunike wala kuurundika.

Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Unga uliolowa haukai hadi kesho. Ukiwa na kunde au dagaa, hata kidogo, wape watoto kwanza.